Bwana Mifugo na Paka wa Kirobani

Kang'ata, Handeni, kliniki ya paka huja kwa pikipiki: bwana mifugo mwenyewe, kijiboksi cha barafu kimefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutaka nyuzi 2 hadi 8. Ikipigwa na joto, huweza kuharibika.

Mbwa huletwa kwa kamba. Paka huletwa kirobani, kichwa tu nje, akifoka. Hapo ndipo ninapomvulia mtu huyu kofia. Anaikamata ngozi ya shingo, anachoma, anachungulia meno na masikio, anajaza kadi. "Haya mama, mwakani tena."

Wapo wanaocheka: paka wa ndani, chanjo ya nini? Ndani ipi, na mlango wa jikoni uko wazi tangu alfajiri?