Neno "Rule" na Ufito wa Kupimia

Katika maneno ya Kiingereza yahusuyo mamlaka, sijui lililowaponza wanafunzi wengi kuliko "rule". Laonekana jepesi. Mwanafunzi hulikuta katika habari za mfalme, akaandika "kutawala". Hulikuta ukutani mwa bweni, akaandika "kanuni". Kisha hulikuta kinywani mwa hakimu, akarudia "kutawala", na hapo alama humpotea. Hakimu anapotajwa kwa neno hili huwa anatoa uamuzi, si kwamba amekalia kiti cha enzi. Maana nyingine ndogo ndogo, kama ile ya "kwa kawaida", au ile ya karatasi iliyopigwa mistari, utazipata katika kamusi yoyote, nami sitakuchelewesha nazo.

Tutazame asili yake. Waingereza walilipata neno hili kwa njia ya Kifaransa cha kale, kutoka neno la Kilatini "regula", yaani ufito ulionyoka, wa kupimia au kuchorea mstari. Ndiyo sababu kile kijiti kilichomo mkobani mwako, tukiitacho rula, kwa Kiingereza kina jina lile lile la mtawala wa nchi. Usidhani ni mzaha wa lugha. "Regula" limetokana na kitenzi chenye maana ya kunyoosha na kuelekeza, na jamaa yake wa karibu ni "rex", mfalme. Basi mfalme alikuwa mnyooshaji, na ufito ndicho chombo kinyooshacho.

Sasa turudi kwetu. Neno "kanuni" tulilipokea kutoka Kiarabu. Waarabu nao walilipokea kutoka Kiyunani, na huko maana yake ya zamani ni ufito ulionyoka wa kupimia! Kumbe wote tumeshika kijiti kimoja. Lakini Kiswahili hakikufuata njia ya Kiingereza mpaka mwisho. Kanuni imebaki kuwa kipimo tu, na kwa kazi ya mtu ashikaye madaraka tuna neno jingine kabisa, "kutawala". Mwingereza ana neno moja kwa ufito na kwa mkono uushikao. Mswahili ana mawili. Kwa maoni yangu hapa Kiswahili kimemshinda mwenzake, maana chamlazimisha mfasiri aseme wazi: je, unataja kipimo, au mpimaji?

Hata hivyo, kuna mahali ambapo ushindi huo hautufai kitu, napo ndipo penye uzito kuliko pote. Mwanasheria Mwingereza A. V. Dicey, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alieneza usemi "the rule of law". Maana yake ni kwamba sheria iko juu ya kila mtu, na kwamba waziri hushtakiwa katika mahakama ile ile ashtakiwamo mchuuzi. Katika usemi huo maana mbili za kale zimekutana: kipimo chenyewe ndicho kitawalacho. Kwa Kiswahili tumezoea kusema "utawala wa sheria", na jambo hilo limo katika maadili ya taifa yaliyotajwa katika kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010.

Hebu upime usemi huo wetu. Tukisema "utawala wa Waingereza", Waingereza ndio waliotawala. Tukisema "utawala wa shule", shule ndiyo itawaliwayo. Je, sheria iko upande gani? Yatawala, au yatawaliwa? Sarufi haikujibu, kwa kuwa ile "wa" yakubali yote mawili. Tena "utawala" ni neno lenye harufu ya ofisi. Kila shule ina jengo lake la utawala, na humo hatutazamii kukuta chochote kilicho juu ya mwalimu mkuu. Na ukikimbilia kusema "kutawala kwa sheria", umeruka majivu ukakanyaga moto, maana waweza kufahamika kwamba sheria ndiyo itawalayo, au kwamba mtu fulani atawala kwa kuitumia sheria.

Labda utasema huu ni ubishi wa wanasarufi. La. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari katika Kenya. Kanuni ziliandikwa, zikapigwa chapa, na kwa kanuni hizo makumi ya maelfu ya watu waliwekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa. Sheria haikukosekana; kilichokosekana ni sheria iliyo juu ya mwenye kuitunga. Wala mambo hayo hayakuondoka pamoja na Waingereza. Mwaka 1966 Bunge la Kenya huru lilirudisha uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila ya kumshtaki, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikaa humo tangu Desemba 1977 hata Desemba 1978. Aliyemfunga angeweza kusema, pasipo kuvunja sarufi hata kidogo, kwamba anadumisha utawala wa sheria.

Sisemi tuutupe usemi huu. Umekwisha kuota mizizi. Lakini wewe uandikaye insha, panapo nafasi, mtaje mtendaji: "sheria ndiyo itawalayo". Ni maneno matatu tu, na hakuna mjanja awezaye kuyageuza. Na gazeti likikuambia kwamba mkubwa fulani ameusifu utawala wa sheria, soma sentensi ifuatayo uone ni nani atendaye.

Ukitaka kujipima, fasiri "home rule", usemi walioutumia watu wa Ireland katika karne ya 19 walipodai bunge lao wenyewe. "Utawala wa nyumbani" utamchekesha msomaji, adhani ni ugomvi wa mume na mke. "Kujitawala" latosha, kwa kuwa kile kiambishi "ji" kimewaweka mtawala na mtawaliwa katika nafsi moja, jambo ambalo usemi "home rule" haulionyeshi.