Simba Anayetoroka Begani

Juzi mjini Kericho watu wazima walisimama wakapigia beji makofi. Ilikuwa beji mpya ya kampuni moja ya ulinzi kwenye mashamba ya chai: simba, bastola mbili, dunia, mlima, jani la chai, jina la kampuni mara mbili, rangi saba. Mgeni wa heshima akaisifu kuwa ni "ya kijeshi kabisa". Jeshi gani hilo?

Nembo ya kikosi husomwa kutoka hatua 30, mvuani, na mtu aliyechoka. Isiposomeka hapo ni tangazo la biashara. Rangi tatu zatosha. Ya nne ni woga wa mchoraji. Bunduki isichorwe, kwa sababu silaha hupitwa na wakati kabla uzi haujachakaa. Simba naye apumzishwe. Wawili tayari wameshika ngao ya taifa, na chai imo miguuni pao tangu 1963, pamoja na kahawa, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. Ya nini kuirudia begani?

Tazama kazi ya Keya, yaani King's African Rifles ya enzi za ukoloni: pembe ya tarumbeta, kamba zake, nambari ya kikosi, basi. Pembe yenyewe ilitoka kwa wawindaji wa Kijerumani walioingizwa jeshini karne ya 18, wakaitana msituni kwa pembe badala ya ngoma. Kwenye tarbushi za vikosi vingine ilitosha tarakimu ya Kiarabu peke yake. Siku hizi nani ana ujasiri wa kuacha nafasi tupu?

Hayo hata mwanafunzi huyashika. Asichokiona kamwe ni uelekeo. Mnyama wa begani sharti atazame mbele, kwa adui. Ndiyo maana beji hushonwa kwa jozi, ya kushoto na ya kulia, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Ukibandika mbili zinazofanana, mnyama mmoja anashambulia na mwenzake anatoroka. Yule simba aliyepigiwa makofi, mkono wa kulia, alikuwa anakimbilia nyumbani.

Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi ilikwenda Burma na buibui, Ananse wa hadithi za Waashanti, naye alishonwa kichwa chini. Asiyejua angesema fundi amekosea. Lakini askari alipoinua bunduki kulenga, mkono ulinyooka, na buibui akawa anatambaa mbele kuelekea shabaha. Aliyeibuni beji hiyo aliwaza mkono wa mtu, si karatasi. Divisheni yetu ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowasukuma Wajapani kwenye matope ya Bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Mto Chindwin, ilivaa kichwa cha kifaru. Umbo moja, bila neno hata moja. Vijana wa Kipsigis walikuwamo.

Palikuwa na fundi mzee, cherehani yake barazani karibu na soko la Kericho, ambaye hakukushonea beji kabla hujainua mkono kama unayelenga. Alitia chaki, akakwambia uushushe, akatazama tena, mara nyingine akafuta akaanza upya. Sasa mashine hutema beji kwa mamia, zote zikitazama upande mmoja.

Walaghai wa beji za zamani nao hawalali. Huchovya kitambaa kipya kwenye strungi, wakakianika, kisha wakakuapia kimetoka Burma. Kigeuze. Jua hufifisha uso tu, uzi wa nyuma hubaki na rangi yake. Strungi hupaka kotekote. Shaba iliyopigwa kwa chapa ina mabonde mgongoni pale uso ulipoinuka. Ya kumiminwa ina mgongo bapa wenye vishimo. Na ukiletewa beji dazeni nzima za Kenya Rifles ya 11, cheka uondoke: kikosi kilipata jina hilo Desemba 1963, Januari askari wake wakaasi kambini Lanet, kikavunjwa.

Kama kwenu Sotik au Bureti kuna sanduku la mzee wa Keya, ile shaba usiisugue na ile ya kitambaa usiifue. Tia kila moja kwenye bahasha, uandike jina lake na kikosi chake, maana wanaokumbuka wamebaki wachache.