Deraya Isiyo na Vita: Fani na Maudhui ya Vazi la Askari Weupe wa Star Wars

1. Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili ya asili ya Kiarabu, deraya na dirii, yanayotaja vazi la kukinga mwili wa mpiganaji. Maneno hayo hudai kuwepo kwa adui, kwani asiyetazamia kupigwa hana haja ya deraya. Hata hivyo, kuna watu wengi, hasa Marekani na Ulaya, wanaotumia miezi kadhaa kuunda deraya ambazo hazitaguswa na mkuki wala risasi. Deraya hizo ni za askari wa hadithi za kubuni za kisayansi. Waundaji huzivaa hadharani mwisho wa juma, kisha Jumatatu hurudi kazini kama watu wengine.

Desturi hiyo si ya jana. Mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi hizo uliofanyika New York, Forrest J Ackerman na Myrtle Douglas walihudhuria wakiwa wamevaa mavazi ya wakati ujao, yaliyoshonwa na Douglas mwenyewe. Katika miaka ya 1980 Wajapani waliipa desturi hiyo jina lililoenea duniani, yaani kosplei, lililoundwa kwa kuunganisha neno la vazi na neno la mchezo.

Makala hii inahakiki vazi moja tu miongoni mwa mengi, nalo ni deraya nyeupe ya askari wa Dola katika filamu ya Star Wars ya George Lucas, iliyotolewa mwaka 1977. Swali lake ni hili: je, nakala ya vazi la mdhalimu ina maudhui yake yenyewe, au ni fani tupu? Jibu haliwezi kupatikana kwa kudharau kazi hiyo kuwa ni mchezo wa kitoto, wala kwa kuisifu kwa sababu tu imewagharimu watu jasho. Lazima kwanza vazi lenyewe lisomwe, kama isomwavyo kazi nyingine yoyote ya sanaa.

2. Asili na nakala

Sura ya kwanza ya askari hao ilichorwa na Ralph McQuarrie. John Mollo, aliyebuni mavazi ya filamu hiyo, alipata tuzo ya Oscar mwaka 1978. Deraya ya mwili ilifinyangwa kwa udongo na Brian Muir, na kofia za plastiki zilitolewa katika karakana ya Andrew Ainsworth huko Twickenham, Uingereza. Kazi ilifanyika kwa haraka na kwa fedha chache. Matokeo yake ni kwamba kofia iliyotisha watazamaji wa dunia nzima ina upande wa kulia usiolingana na wa kushoto, na baadhi ya mistari yake ilipakwa rangi kwa mkono.

Filamu haikuhitaji zaidi ya hapo. Kamera huona upande mmoja, kwa muda mfupi, na kwa umbali. Filamu yenyewe haifichi udhaifu wa vazi hilo: shujaa Luke, akiwa amejificha ndani ya kofia ya askari, analalamika kwamba haoni kitu; na askari mmoja anagonga kichwa chake mlangoni. Kosa hilo la mchezaji halikufutwa. Katika toleo la DVD la mwaka 2004 liliongezewa hata sauti ya kugonga, ili mtazamaji asilikose.

Anayeunda nakala hukutana hapa na tatizo linalomkabili kila mfasiri: awe mwaminifu kwa kitu gani? Akifuata picha iliyomo akilini mwa watazamaji, ataunda kofia iliyonyooka, yenye pande mbili sawa. Akifuata kofia iliyopigwa picha mwaka 1976, itambidi arudie upogo wake, macho yake yasiyolingana na rangi zake za haraka. Wapenzi wengi wa vazi hilo wamechagua njia ya pili. Wao huhesabu upogo kuwa sehemu ya matini, kama vile mhariri wa miswada ya kale anavyohifadhi tahajia ya mwandishi bila kuisahihisha.

Mahakama nayo iliwahi kulisoma vazi hilo. Ainsworth alipoanza kuuza nakala mwaka 2004, kampuni ya Lucasfilm ilimshitaki. Tarehe 27 Julai 2011 Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba kofia hiyo si sanamu mbele ya sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo. Kwa maoni ya majaji, kazi ya sanaa ilikuwa filamu, na kofia ilikuwa kifaa kilichotumika katika kuitengeneza. Hata hivyo waliamua pia kwamba madai yaliyotegemea hakimiliki ya Marekani yangeweza kusikilizwa Uingereza. Hukumu hiyo ina manufaa kwa mhakiki, maana inatenganisha vitu viwili ambavyo macho huvichanganya. Kofia ya mwaka 1976 ilikuwa kifaa cha kuundia filamu. Nakala ya mpenzi haiundi filamu yoyote. Ikiwa ina thamani ya kisanaa, thamani hiyo lazima itafutwe mahali pengine, yaani katika kuundwa kwake na katika kuvaliwa kwake.

3. Fani: kazi ya karakana

Kuunda deraya hii ni kazi ya mkono na ya subira. Karatasi ya plastiki nyeupe hupashwa moto mpaka ilegee, hulazwa juu ya kalibu, kisha hewa iliyo chini yake hufyonzwa ili plastiki ishike umbo. Vipande vinavyopatikana hukatwa pembezoni na kupigwa msasa. Kifua, mgongo, tumbo, mabega, mikono, mapaja na miguu, kila kimoja kina kipande au vipande vyake, navyo huunganishwa kwa gundi na kuningʼinizwa kwa mikanda na vifungo juu ya vazi jeusi linalobana mwili. Wapo wanaounda deraya za hadithi nyingine kwa sponji ngumu ya aina inayotengenezewa kandambili, ambayo hukunjwa ikiwa moto. Wapo pia wanaotumia mashine za kuchapa maumbo ya plastiki kwa kufuata michoro ya kompyuta.

Ugumu mkubwa hauko katika kalibu bali katika kipimo. Kalibu ni moja, miili ni mingi. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka jinsi Sauli alivyomvika Daudi deraya yake, na jinsi kijana huyo alivyoivua kwa kuwa hakuizoea. Mwundaji wa deraya nyeupe huanza pale Daudi alipoachia. Hukata paja hapa, huongeza ukanda pale, huhamisha kifungo kwa upana wa kidole, mpaka vipande vya mtu asiye na jina vikubali mwili wa mtu mmoja anayejulikana.

Hapo ndipo penye kinaya kikuu cha fani hii. Katika hadithi, sare nyeupe imekusudiwa kufuta nafsi: askari wote ni sawa, hawana sura, na akifa mmoja hakuna anayeuliza jina lake. Katika karakana mambo hugeuka. Hakuna deraya mbili zinazolingana kabisa kwa ndani, kwa sababu kila moja imebeba mgongo, tumbo na magoti ya mwenyewe. Nje ni umoja wa kikosi. Ndani ni tawasifu ya mwili.

4. Kuvaa, kuvishwa na kuvua

Sarufi ya Kiswahili inasaidia kueleza jambo linalofuata. Kutokana na kitenzi kuvaa tuna kuvalia, kuvika, kuvisha na kuvishwa. Na kinyume chake ni kuvua. Nguo za kila siku mtu huzivaa. Deraya nyeupe, kwa kawaida, mtu huvishwa. Mikono iliyozungukwa na plastiki haifiki mgongoni, na vifungo vya nyuma humhitaji mwenzake. Akishavaa, kuketi ni shida, ngazi ni hatari, na macho yanaona sehemu ndogo tu ya njia. Kwa hiyo askari huyo wa kutisha hutembea akisindikizwa na mtu aliyevaa nguo za kawaida, anayemwongoza penye msongamano na kumpa maji.

Utegemezi huo unaeleza kwa nini upweke haukuifaa sanaa hii. Mwaka 1997 Albin Johnson, mkazi wa jimbo la South Carolina, pamoja na rafiki yake Tom Crews, walianzisha chama kilichokuja kujulikana kama Legion ya 501. Chama hicho kimeenea katika nchi nyingi. Anayetaka kujiunga lazima awe mtu mzima, apige picha za vazi lake, na vazi hilo likubaliwe kwa kulinganishwa na maelezo yaliyoandikwa. Akikubaliwa hupewa nambari. Chama kisicholipisha maonyesho yake kimejulikana kwa kutembelea hospitali za watoto na kuchangisha fedha kwa ajili ya misaada.

Jambo la ajabu ni kwamba nakala imeingia katika asili. Mwaka 2004 Timothy Zahn aliwatia askari wa 501 katika riwaya yake Survivorʼs Quest. Tarehe 1 Januari 2007 takriban wanachama 200 waliandamana katika gwaride la waridi la Pasadena, ambalo mkuu wake wa heshima alikuwa Lucas mwenyewe. Na wakati wa kutengenezwa kwa The Mandalorian, mfululizo wa televisheni uliotolewa mwaka 2019, deraya za watengenezaji hazikutosha; wanachama wakaitwa waje na za kwao. Siku hiyo kitu kilichoundwa kwa kuigiza filamu kilikuwa kifaa cha kuundia filamu, na mpaka uliowekwa na majaji ukavukwa.

5. Maudhui: uso wa mdhalimu

Hata hivyo uhakiki hauwezi kuishia katika sifa za fani. Jina la askari hao kwa Kiingereza linafuata lile la vikosi vya shambulio vya Wajerumani katika vita vya 1914-1918, ambalo baadaye lilihusishwa na wanamgambo wa chama cha Hitler. Dola wanayoitumikia inaangamiza sayari nzima ndani ya filamu ile ile ya kwanza. Msomaji wa nchi ambayo watu wake wamewahi kufunga milango waliposikia viatu vya askari ana haki ya kuuliza ni furaha gani inayopatikana katika kuvaa sare ya namna hiyo.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni matendo mema: wabaya wa hadithi wanafanya wema duniani. Wema huo ni wa kweli, wala haufai kubezwa. Lakini kama hoja ya kisanaa hautoshi, kwa maana sadaka haibadilishi maana ya vazi. Inabadilisha tu sifa ya mvaaji. Mfano mmoja unaonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu. Mwaka 2005, katika filamu ya Revenge of the Sith, Lucasfilm iliwapa heshima wapenzi hao kwa kuliweka jina la 501 juu ya kikosi kinachomfuata Anakin Skywalker kuvamia Hekalu la Jedi, katika shambulio ambamo hata watoto wanafunzi wanauawa. Jina la watu wanaokwenda kuwafariji watoto wagonjwa limepewa kikosi kilichoshiriki shambulio hilo. Heshima hiyo ilipokelewa kwa furaha. Mhakiki hana budi kutua hapo.

Maudhui ya kweli ya vazi hili hayako katika gwaride, yako karakanani. Aliyeunda deraya nyeupe kwa mikono yake anajua jambo ambalo mtazamaji halijui: kwamba kitisho kina mishono. Anajua kwamba uso ule usio na huruma ni plastiki iliyolegezwa kwa moto, kwamba ukali wa macho ni rangi, kwamba mnyoofu wa safu haoni miguu yake, na kwamba bila mwenzake wa kumfunga vifungo hawezi hata kutoka chumbani. Maarifa hayo si madogo. Tawala za mabavu hupenda kuonekana kama kitu kisicho na fundi, kilichoshuka tu kama radhi. Anayejua jinsi sare inavyokatwa na kugundishwa hawezi tena kuiamini kwa urahisi.

Lakini mandhari ya hadharani hulificha jambo hilo hilo. Safu ya askari 200 inapopita kwa hatua moja, mtazamaji haoni mikanda, msasa wala kipimo. Anaona Dola, naye anaipigia makofi. Desturi ya kutovua kofia mbele ya watoto, ili ndoto isivunjike, huzidisha ufichaji huo. Sanaa iliyomfungua macho mwundaji inamfumba macho mtazamaji.

6. Hitimisho

Yafaa basi kusema kwamba nakala ya deraya nyeupe si fani tupu. Ina maudhui, na ni maudhui yanayopingana na asili yake: imekirudishia mwili kitu kilichobuniwa kufuta mwili, na imeonyesha kwamba hofu hutengenezwa kwa vipande. Upungufu wake ni kwamba inayafungia maarifa hayo ndani ya karakana. Pale ambapo wapenzi huweka kofia mezani imepinduliwa, gundi na vifungo vikaonekana, wakamwachia mtoto aingize mkono ndani, ndipo kazi yao inapokamilika. Kwa Kiswahili cha kawaida, kuvaa ni nusu ya tendo, na nusu ya pili ni kuvua. Deraya isiyo na vita itapewa haki yake na wale watakaojifunza kuivua mbele ya watu kwa uangalifu ule ule walioutumia kuivaa.