Ikiinamishwa, Bado ni Mraba?

Chora ubaoni pembetatu mraba kama inavyochorwa siku zote: mstari mmoja umelala, mwingine umesimama, kona yao iko chini kushoto, na wa tatu unateremka kama paa la kibanda cha mgongo mmoja. Darasa la tano zima litakutajia jina lake kabla hujaweka chaki chini. Sasa ichore ikiwa imelalia ule upande wake mrefu, kona ya nyuzi 90 imetazama juu kama kilele. Kelele zinakatika. Nilipoichora hivyo pande zake mbili zikiwa sawa, waliojibu walisema ni pembetatu pacha, na walipatia. Nikauliza, na mraba je? "Hapana mwalimu, hiyo imepinda."

Vipindi ninavyovichambua hapa ni vyangu mwenyewe. Vilikuwa viwili, dakika 40 kila kimoja, na cha kwanza kilikwenda kombo.

Kwanza kuna jina. Mtoto ameshajifunza kwamba mraba ni umbo la pande nne zilizo sawa, na neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, lina nne ndani yake. Kisha tunamletea pembetatu mraba, tatu na nne zimefungwa kamba moja. Mwanafunzi mmoja akauliza kona hizo ni ngapi hasa. Nilicheka, na nilikosea kucheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri kuliko maelezo niliyokuwa nimeyaandaa. Jibu lake nilikuja kulipata kwenye kipande cha karatasi, baadaye kidogo. Watoto wa Kenya wanaosoma hisabati kwa Kiingereza wana mtego wao, maana neno linalotumika huko ndilo hilohilo la mkono wa kulia, na mtoto ana haki ya kuuliza ya kushoto iko wapi. Mtego wetu naupenda zaidi: ukiuchimba unakuta maana.

Kifaa kilikuwa karatasi. Vipimapembe vya plastiki havitoshi darasa zima, na hata vingetosha, mtoto anayesoma namba kwenye kipimapembe anaweza kupata 90 bila kuiona pembe yenyewe. Kwa hiyo kila mmoja alichana kipande cha karatasi ovyoovyo, kingo zikiwa na meno. Kunja mara moja popote, unapata ukingo ulionyooka. Kunja tena, safari hii ule ukingo ulionyooka ulalie juu yake wenyewe barabara. Kona inayotokea ni nyuzi 90, kwa sababu mstari ulionyooka ni nyuzi 180 na wewe umeugawa nusu kwa nusu. Karatasi mbovu, kona safi. Ukiikunjua unaona mikunjo miwili imekatana, na kona nne zilizo sawa zimezunguka nukta moja. Hapo ndipo nilipomrudia yule aliyeuliza: nne ya mraba ni hiyo hapo, na pembetatu yetu imechukua kona moja tu kati ya hizo.

Nikawapa pembetatu tisa zilizochorwa kwenye karatasi, wazipime kwa kona zao. Nilidhani kazi imekwisha. Nilipopita kati ya madawati niliona jambo ambalo bado linanichekesha: karibu kila mtoto alikuwa akiipachika kona yake ya karatasi chini kushoto mwa kila umbo. Haikukaa sawa, anaandika si mraba, anahamia linalofuata. Kona ya juu hakuna aliyeigusa. Kifaa kilikuwa kizima, lakini mkono uliokishika ulikuwa unafuata picha iliyoko kichwani.

Tabia hii ina wataalamu wake. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Utrecht, walimu wawili wa Uholanzi, mume na mke, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walitoa tasnifu kuhusu ngazi anazopanda mtoto katika jometri. Katika ngazi ya kwanza umbo hutambuliwa kwa sura yake yote, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake. Katika ya pili linatambuliwa kwa sifa zake. Baadaye huko Israel, Rina Hershkowitz na Shlomo Vinner walieleza jinsi mfano mmoja uliozoeleka unavyoimeza dhana nzima. Mtoto anashika sifa za mfano zisizohusika, kama kulala kwa kitako, akidhani nazo ni sehemu ya maana. Sisi ndio tunaomfundisha hivyo. Mchoro wa kitabuni umekaa vile, wa ubaoni hivyohivyo, na wa kwenye mtihani pia.

Tunamfundisha na kosa jingine kwa kile kijimraba tunachokichora konani. Kwenye karatasi yangu nilikiacha makusudi. Baadhi walitafuta alama kwanza, na walipoikosa waliona hakuna cha kupima. Alama hiyo ina kazi yake, na akifika sekondari ataambiwa aiamini kuliko macho yake. Lakini huwezi kuamini tangazo la kitu ambacho hujawahi kukishika.

Kipindi cha pili niliacha michoro. Nilikata pembetatu za boksi gumu na kuzimwaga mezani, madawati yakiwa yametazamana. Kipande cha boksi hakina juu wala chini, na anachokiona mtoto wa upande mmoja kimesimama, mwenzake wa upande wa pili anakiona kimepinduka. Niliweka moja ndefu nyembamba kama ncha ya mkuki, ambayo ni mraba kabisa, na moja ya nyuzi kama 85, inayodanganya macho. Hii ndiyo iliyozua ubishi. Ukiilaza kona ya karatasi juu yake na kulinganisha ukingo mmoja, karatasi inatokeza kidogo nje ya upande wa pili. Ingekuwa pembe butu, boksi ndilo lingetokeza. Kutokeza huko kwa milimita chache kuliwafunza zaidi ya mifano kumi iliyo sahihi.

Baada ya muda walichoka kupima kona zote tatu. Uvivu ni mwalimu mzuri wa hisabati. Binti mmoja akasema yeye anapima moja tu, ile inayotazamana na upande mrefu kuliko zote, "nyingine haziwezi." Sikumwongezea neno.

Dakika za mwisho tulitoka uwanjani na kamba ya katani iliyofungwa ncha kwa ncha, ina mafundo 12 yenye nafasi sawa. Angalia hapo: mafundo 12 kwenye kamba iliyo wazi yanatoa nafasi 11, na kazi inaharibika. Watoto watatu wakaishika kwa nafasi 3, 4 na 5, wakaivuta ikakaza, ikawa pembetatu mraba. Fundi anayepanga msingi wa nyumba hufanya hivyohivyo kwa futi kamba, sentimita 60 huku, 80 kule, na mshazari ukisoma 100 kona imekaa skweya, au kigunia kama wazee walivyokiita kifaa chenyewe. (Hadithi kwamba Wamisri wa kale walipata kona ya nyuzi 90 kwa kamba ya mafundo 12 ilitokana na dhana ya mwanahistoria Mjerumani Moritz Cantor, ushahidi wa moja kwa moja haupo.) Kamba niliipenda kwa sababu nyingine: ardhini hakuna chini kushoto. Unaizunguka, na kila ukihama inabaki ileile.

Tuliporudi ndani, darasa halina dari, mvulana mmoja akanyoosha kidole kwenye kenchi. Akasema ile kubwa si mraba, kilele chake ni butu, ila mti wa katikati umeigawa zikawa mbili za mraba. Jirani yake akabisha: utajuaje bila kupima? Wakanitazama mimi, kila mmoja na kikaratasi chake mkononi, na ngazi shuleni hakuna.