Khaliat Nahal: Omba Mmoja Mkavu

Ramadhani ikikaribia, wapishi wa majumbani Mombasa na Unguja hulemewa na oda za khaliat nahal. Si ajabu. Chakula hiki, kilichotufikia pwani kutoka Yemeni na nchi za Ghuba, kinapendeza machoni, kinamegeka bila kisu, na kwa mpishi mwepesi ni kazi ya saa mbili hivi tangu kukoroga hamira hadi kuepua sinia. Madonge madogo ya unga wa ngano yaliyojazwa jibini, tende au nazi hupangwa kwenye sinia ya duara yakikaribiana. Yakiumuka hubanana mithili ya sega la nyuki. Juu hupakwa yai, hunyunyizwa ufuta na habasoda, na yakishaiva humwagiwa shira.

Tatizo ni hiyo shira. Ikishamwagwa, sinia zote zinang'aa, nzuri na mbovu. Kwa hiyo ukitaka kujua unanunua nini, nenda mapema umwambie mpishi: "Bi, nionjeshe mkate mmoja mkavu." Anayejiamini atakujibu, "Haya, mwanangu, chomoa huo wa katikati." Anayekuchagulia wa pembeni, wenye rangi nzuri, mshukuru, kisha omba wa katikati vilevile.

Wa katikati hausemi uongo kwa sababu ndio unaochelewa kuiva. Wa pembeni unapata joto la ukingo wa sinia. Wa katikati umezungukwa na wenzake pande zote. Katika oveni ya nyuzi 180 za Selsiasi sinia ya kawaida hutaka kama dakika 20, lakini yai lililopakwa juu hubadilika rangi mapema zaidi, na mpishi mwenye haraka huona wekundu huo akadhani kazi imekwisha. Ugeuze uutazame chini. Uwe na rangi ya dhahabu, mkavu, usioacha unyevu kidoleni. Ukiwa mweupe na wa kunata, haukuiva, hata uso wake ungependeza vipi. Ukiwa mweusi chini na umepauka juu, umeokwa kwenye jiko la mkaa na mtu asiyejua kupalia: makaa mengi yanatakiwa juu ya mfuniko, chini machache tu. Wapo wanaopalia vizuri hata oveni ya umeme haiwafikii, na harufu ile ndogo ya moshi mimi naipenda.

Sasa uvute kwa mikono miwili. Kisu hapa hakifai, kinaficha. Mkate wa hamira uliokandwa vya kutosha hufunguka kwa nyuzi ndefu laini, kisha nyuzi zinaachana taratibu. Uliokandwa ovyo humomonyoka kama keki. Wapishi wengi hutetea momonyoko huo wakisema ni ulaini, lakini anayetaka keki ale keki. Ukibahatika kuwa jikoni kwake unga ungali mbichi, mega kipande kidogo ukitandaze kwa vidole mpaka mwanga upenye. Kikichanika kabla ya hapo, kukanda bado. Utando huo ndio unaoshika hewa ya hamira. Bila huo, hamira inafanya kazi bure.

Harufu nayo isikupite. Mkate mzuri unanukia maziwa na iliki. Ukinukia hamira, mpishi alizidisha hamira ili afidie muda. Ukinukia kama togwa lililolala, unga uliachwa ukaumuka kupita kiasi, jambo jepesi sana kutokea kwenye joto letu, hasa ukisahauliwa karibu na jiko. Sura yake pia huufichua: uso umenywea na kukunjamana, badala ya kutuna.

Haraka yenyewe sina ugomvi nayo, mradi mtu ajue aharakishe wapi. Hamira, sukari kijiko kimoja, maziwa ya unga na maji ya vuguvugu hukorogwa, na baada ya dakika kumi povu limejaa bakuli. Unga na mafuta vinafuata. Maji yawe ya kuvumilika mkononi, kwa kuwa yakipita nyuzi 60 hamira inakufa, na hakuna subira itakayoifufua. Muumuko wa kwanza unaweza kuufupisha, madhara yake ni madogo. Usioguswa ni ule wa pili, madonge yakishajazwa na kupangwa. Yanahitaji nusu saa hivi yapumzike yatune. Bonyeza moja kwa kidole: alama ikirudi upesi, bado, ikirudi polepole na kuacha kishimo kidogo, tayari kwa moto. Sinia iliyonyimwa nusu saa hiyo utaitambua kwa mipasuko ubavuni, maana unga uliendelea kufutuka ndani ya oveni huku ngozi imekwisha kukauka.

Sukari ndani ya unga iwe ya kuonjeka tu. Ikizidi huilemaza hamira, na utamu shira itauleta. Mdalasini nao uwekwe kwenye kijazo, kwani ukichanganywa kwa wingi na unga huipunguzia hamira nguvu. Iliki haina shida hiyo, na ingekuwa amri yangu isingekosekana.

Kwenye vijazo ndipo ujuzi wa mtu unapoonekana hasa. Jibini laini, ile ya vipembe vilivyofungwa kwa karatasi ya fedha, ni rahisi na haimwangushi mtu. Nusu ya kipembe inatosha donge moja. Anayetia robo anajificha nyuma ya unga. Tende isagwe na samli kidogo mpaka ifinyangike, bila ngozi ngumu wala, Mungu apishe mbali, kipande cha kokwa.

Nazi ndiyo mtihani. Inatakiwa nazi mpya iliyokunwa, ikaangwe na sukari na iliki kwa moto mdogo hadi maji yakauke na chenga zianze kung'aa kwa mafuta yake zenyewe. Akiiepua ikiwa majimaji, mvuke wake ukiwa motoni unausukuma unga juu, na ukiupasua mkate unakuta pango: dari ya mkate huku, nazi imelala chini kule, na kati yake tabaka bichi linalonata. Pango dogo nalisamehe. Tabaka bichi silisamehe. Halafu ipo hila moja ambayo mtu wa pwani hapaswi kuuziwa. Baadhi ya wauzaji hukamua tui kwanza wakapikia kitu kingine, kisha chicha inayobaki wakaitia sukari na vanila wakajazia mikate. Tafuna taratibu. Nazi kamili inaacha mafuta ulimini na utamu usio wa sukari peke yake. Chicha inatafunika kama makumbi, kavu, na utamu ukishakwisha mdomoni zinabaki nyuzi.

Ukiridhika na mkavu, ndipo urudi kwenye shira. Kimoja kiwe cha moto na kingine kimepoa: mikate ikitoka motoni, shira iwe baridi. Vyote vikiwa vya moto, mikate inalowa na kuporomoka. Vyote vikiwa baridi, shira inabaki juu. Matone machache ya ndimu wakati wa kuchemsha huizuia isigande chenga za sukari, kwa hiyo shira inayokwaruza meno imekosa ndimu, au imekorogwa korogwa jikoni. Kiasi chake ni kile kinacholowesha uso. Kukiwa na kidimbwi chini ya sinia, mpishi ana la kuficha, au ana mkono mzito tu.

Kipimo cha mwisho ni chai ya asubuhi. Friji huufanya mkate uchakae haraka kuliko mezani, lakini wenye jibini hauna budi kuingia humo katika joto letu, basi asubuhi uupashe kwenye kikaango kilichofunikwa, kwa moto mdogo. Uliokandwa vizuri, ukatiwa maziwa na mafuta ya kutosha, hurudi laini karibu na ulivyokuwa. Ukitoka mgumu kama tosti, uchovye kwenye chai ya rangi, na oda ijayo ipeleke nyumba nyingine.