Kuhesabu Mbele ya Maji

Kazi ya kuhesabu ndege wa topeni huanza na mwezi, darubini baadaye. Katika Hori la Mida, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, bahari ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji yakipwa hubaki uwanda wa tope usioisha. Ndege waliokuja kutoka kaskazini ya dunia hutawanyika kote wakila. Ukiwafuata saa hiyo utaona vidoa tu, na kila hatua yako itawafukuza. Mjuzi hujibanza penye mikoko akingoja maji yageuke. Bahari ikianza kujaa huwasogeza ndege kidogo kidogo kuelekea kwake, nao bado wanadona kwa haraka, maana tope linawaishia miguuni. Muda wa kuwahesabu ni huo, nao ni mfupi. Akichelewa, wamekwisha kuruka kwenda kupumzika kwingine.

Sensa ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza mwaka 1967 na kuingia Afrika mwaka 1991, hufanyika Januari. Huko ndege walikotoka ni theluji. Huku kaskazi inavuma na jua linachoma. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi jioni, kwa hiyo kazi huangukia mchana, wakati mazigazi yanatetemesha kila kitu ndani ya lenzi. Kitwitwi aliye mbali huyumba kama mlevi. Hata hivyo lazima atambuliwe, na msimu huu karibu wote wamevaa kijivu.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu. Rangi ikikosa msaada, mtazamaji husoma ulaji. Mwenye mdomo mfupi na macho makubwa hutegemea kuona: hukimbia, husimama ghafla, hudona, hukimbia tena. Kitwitwi wa mdomo mrefu uliopinda haangalii anachokula. Hushona tope kwa mdomo, na ncha yake ina hisia za kutambua mnyoo asiyeonekana. Sululu huingiza mdomo wake wa upinde katika shimo la kaa na kumtoa nje. Yuko pia mmoja wa kijivu, mnene kiasi, ambaye hajulikani kwa uhakika mpaka aruke: kwapani ana doa jeusi, wala hakuna mwingine wa jamii yake mwenye alama hiyo. Wachimba chambo na wachokoa pweza wanalijua tope hili kwa nyayo. Mhesabu hulijua kwa midomo ya wengine, na akiandika nani alikula wapi, ameandika pia chakula kiko wapi.

Kisha zinakuja namba zenyewe. Kundi la mamia halihesabiwi mmoja mmoja. Jicho huzingira kumi, likaujua ukubwa wa kumi hao, halafu likaupitisha kundini kutoka kushoto kwenda kulia, kama muuza mchele na kibaba chake. Palipo na vitwitwi waliosongamana kipimo hubanwa, na penye sululu waliotengana hupanuliwa. Kipanga akipita juu, wote wanaruka, wanachanganyika, na kazi inaanza upya. Wanaojua kazi hawaoni haya kuanza upya. Hawaoni haya kuandika sifuri pia: safu tupu haisemi lolote, lakini sifuri inasema tulitazama, hawakuwepo.

Namba hizo husafiri mbali kuliko anayeziandika. Yule kitwitwi wa mdomo uliopinda huzalia kaskazini ya Siberia, ambako kuna panya wa tundra waitwao lemingi. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa huko hushiba. Wakipungua, mbweha hugeukia mayai na makinda, na miezi michache baadaye vijana wenye manyoya yenye kingo nyeupe huwa haba kwenye pwani za Afrika. Mtu aliyekaa Mida, asiyewahi kuona theluji, anaweza kusoma habari za panya wa Siberia. Mwaka 2024 ndege huyo, pamoja na yule wa kwapa jeusi, alipandishwa daraja la hatari katika Orodha Nyekundu ya IUCN. Hukumu ya namna hiyo hutegemea madaftari ya miaka mingi, mengi yake yakiwa na madoa ya tope.

Fahari ya Mida, kwa maoni yangu, ni mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi, miguu mirefu. Huzalia kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo na kutaga yai moja jeupe, joto la mchanga likimsaidia kuliatamia. Akija kwetu huja na kinda lake lililokwisha kujua kuruka lakini halijajua kujilisha. Utaliona, kijivu na kubwa karibu sawa na mzazi, likimfuata nyuma huku likipiga mbinja mpaka lipewe kaa. Kwenye fomu hao ni wawili tu, na kaa aliyepita kati yao huandikwa, kama mhesabu atakumbuka, katika safu ya maelezo. Kwa kawaida safu hiyo ni nyembamba kuliko zote. Ningepewa kazi ya kuchora fomu, ningepunguza nafasi ya saini niipanue hiyo.