Mbolezi Ndani ya Roki: Sauti ya Dolores O'Riordan

Wapenzi wa ushairi wana lawama yao ya siku nyingi juu ya muziki wa roki: kwamba una ghasia nyingi na maneno machache, na kwamba hata hayo machache hurudiwarudiwa mpaka yakachujuka. Lawama hiyo si ya bure. Nyimbo nyingi za aina hiyo, zikivuliwa magitaa na ngoma na kuandikwa karatasini, hubaki mifupa mitupu. Hata hivyo, ziko tungo ambazo kuzihukumu kwa karatasi ni sawa na kuuonja wali kwa kuutazama. Nyimbo za The Cranberries, bendi ya vijana wanne wa mji wa Limerick, magharibi ya kisiwa cha Ireland, ni miongoni mwa hizo. Na katika hizo, "Zombie" ndio wimbo unaostahiki kuwekwa katika mizani, kwa kuwa ndio uliopendwa kuliko zote na ndio uliogombaniwa kuliko zote.

Bendi ilianzishwa mwaka 1989 na ndugu wawili, Noel na Mike Hogan, wapigaji wa gitaa na besi, pamoja na Fergal Lawler, mpiga ngoma. Mwimbaji wao wa kwanza alipojitoa, mwaka 1990 alikuja binti wa miaka 18 kutoka Ballybricken, kijiji kilicho nje kidogo ya Limerick. Dolores O'Riordan alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto wengi. Alilelewa katika nyimbo za kanisa Katoliki na alijua kupiga kinanda. Noel alimpa kanda yenye mahadhi matupu yasiyo maneno, naye akayarudisha yakiwa yamevishwa maneno. Katika kazi hiyo ya mwanzo ndimo ulimozaliwa "Linger", wimbo wa majuto ya mapenzi uliokuja kuwatoa.

Lakini haukuwatoa kwa pupa. Albamu yao ya kwanza, iliyosimamiwa na Stephen Street, ilitoka mwaka 1993 na kupita kimya kimya nyumbani. Ilikuwa Marekani, walikokwenda kufungulia maonyesho ya bendi nyengine, ambako "Linger" uliwashika wasikilizaji. Na ndipo sifa ziliporudi kuvuka bahari. Mwaka 1994, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutolewa, albamu hiyo ilifika nafasi ya kwanza katika chati za Uingereza.

Kilichowashika watu kwanza ni sauti. O'Riordan aliimba Kiingereza kwa matamshi ya kwao, bila ya kuyafunika kwa matamshi ya London wala ya Marekani, kama walivyofanya wengi katika biashara ile. Msomaji wa mwambao, aliyezoea kusikia namna utungo wa Kiamu unavyopoteza ladha yake ukisomwa kwa Kiunguja, atafahamu upesi kwamba lahaja si pambo la wimbo bali ni mwili wake. Pili, sauti yake ilikuwa ikivunjika kwa makusudi: ilishuka kifuani, kisha ghafla ikarukia utosini, na katika ule mpasuko baina ya sauti mbili ndimo uchungu ulimokaa. Uimbaji wa kale wa Ireland una michirizi ya namna hiyo. Yeye aliuchukua mpasuko huo akauweka mbele ya magitaa ya umeme.

Tarehe 20 Machi 1993, siku moja kabla ya Waingereza kuadhimisha Siku ya Mama, mabomu mawili yaliyofichwa ndani ya mapipa ya taka yaliripuka katika mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza. Yalitegwa na IRA, jeshi la siri lililokuwa likipigana kuuondoa utawala wa Uingereza katika Ireland ya Kaskazini. Mtoto wa miaka 3 alikufa papo hapo. Mwenzake wa miaka 12 alikufa siku chache baadaye. O'Riordan aliandika "Zombie" kutokana na mkasa huo. Wimbo ulitolewa Septemba 1994, wiki chache tu baada ya IRA kutangaza kusitisha vita, na mwaka 1995 ukapewa tuzo ya wimbo bora katika tuzo za MTV za Ulaya.

Tukiutazama utungo huu kwa jicho la arudhi, hauna makuu. Beti ni fupi, msamiati ni wa kila siku, na kiitikio ni neno moja lililokokotwa, likakatwa, likarudiwa. Mhakiki mwenye haraka ataishia hapo. Ila kuna kipimo chengine kinachoufaa zaidi, nacho ni mbolezi. Kwa karne nyingi wanawake wa Ireland walikuwa wakisimama juu ya maiti na kumlilia kwa ghani inayoitwa *caoineadh*. Waliojua kazi hiyo waliitwa misibani na kupewa ujira. Ghani yao ilikuwa na sehemu ya maneno, ambamo marehemu aliitwa na kusifiwa, na sehemu ya kilio kitupu, ambamo maneno yalikwisha na sauti ikabaki peke yake. Kanisa liliipiga vita desturi hiyo mpaka, kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, ikawa karibu kutoweka.

"Zombie" umejengwa juu ya mpango huo huo. Beti zinasimulia kwa sauti ya chini, karibu na ya kunong'ona: kuna mama, kuna mtoto, kuna ukimya unaofanya makosa. Kisha magitaa yanayokwaruza yanaingia kwa kishindo, na neno la kiitikio linakatika vipande hata silabi yake ya mwisho haina tena maana ya kamusi. Ni kilio. Kurudiwa kwake si uhaba wa maneno. Ni ile hali inayojulikana na kila aliyewahi kukaa matangani, ambapo aliyefiwa hana la kusema ila kulisema lile lile.

Pingamizi kubwa dhidi ya wimbo huu, hata hivyo, halikuhusu ufundi. Wapo Waireland, hasa wa upande wa jamhuri, walioona kwamba umewalilia watoto wa Warrington na kuwanyamazia wengine. Ireland ya Kaskazini nayo ilizika watoto, wakiwamo waliouliwa kwa risasi za mpira na za plastiki za askari wa serikali na wengine kwa mikono ya makundi ya siri ya upande wa pili. Nani aliwaimbia hao? Tena wimbo unautaja mwaka 1916, mwaka wa maasi ya Pasaka mjini Dublin, kana kwamba uasi ule na bomu la dukani ni uzi mmoja usio na fundo.

Pingamizi hilo lina uzito, na haki ni kulikubali pale lilipo kweli. Hapo unapotajwa mwaka 1916, mlizi anavua kanga ya msiba na kuvaa joho la kadhi; miaka 80 ya historia inafungwa katika mstari mmoja, nao hauibebi. Lakini kiitikio kinauokoa wimbo, kwa sababu hakimtaji mtu wala kundi. Mfu anayetembea ni yeyote anayeua kwa fikra alizopandikizwa kichwani, na sare yake haikutajwa. Mbolezi haidaiwi kuwalilia wafu wote; inadaiwa imlilie huyu kwa ukweli kiasi kwamba aliyefiwa na mwengine naye aweze kuitikia.

Ushahidi wa jambo hili ni albamu ya mwaka 1996, *To the Faithful Departed*. Humo O'Riordan aliimba juu ya Bosnia na juu ya kuuawa kwa John Lennon, na mara nyingi nyimbo hizo zimekaa kama habari za gazeti zilizotiwa vina. Huruma ipo, ila maiti iko mbali na mlizi amesimama mlangoni. Kinyume chake ni wimbo unaoifunga albamu ya mwaka 1994 na kuipa jina lake, *No Need to Argue*: sauti moja juu ya kinanda, bila ya ngoma. Ukisikilizwa baada ya "Zombie", hudhihirika kwamba nguvu ya mwimbaji huyu haikutoka katika kelele.

O'Riordan alifariki London tarehe 15 Januari 2018, akiwa na miaka 46. Mwaka 2023, washangiliaji wa Ireland waliimba "Zombie" kwa maelfu katika Kombe la Dunia la raga nchini Ufaransa, na ugomvi wa zamani ukafufuka: je, ni halali kuufanya wimbo wa watoto waliouawa kuwa wimbo wa ushindi? Lakini matanga ya kale ya Ireland yaliweka kilio na mchezo, chozi na kinywaji, chini ya paa moja. Pengine umati ule haukuusahau msiba. Uliubeba kwa namna ya wazee wao.

Alipofariki, aliacha sauti aliyoirikodi kwa ajili ya albamu mpya. Kwa ridhaa ya jamaa zake, wenzake watatu waliingia studio pamoja na Stephen Street wakapiga ala zao chini ya sauti ile, na mwaka 2019 ikatoka *In the End*, albamu ya mwisho ya The Cranberries. Baada yake waliamua kutoendelea kwa jina hilo. Binti aliyekuja mwaka 1990 kuyavisha maneno mahadhi yao aliwaachia, safari hii, maneno ya kuvishwa mahadhi.